Hata msichana asiye na kipaji apewe namba

Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilipitisha mpangilio wa mashindano ya Los Angeles 2028, na humo mna jambo ambalo halijapata kutokea: soka la wanawake litakuwa na timu 16, la wanaume 12. Ngumi, ambazo mpaka London 2012 zilikuwa hazijampa mwanamke hata medali moja rasmi ya Olimpiki, zitakuwa na uzani saba kwa kila upande. Ukijumlisha nafasi zote za wanamichezo, wanawake wanavuka nusu kwa kiasi kidogo. Habari hiyo ilipokewa kwa sauti mbili. Ya kwanza ilishangilia: ukuta umeanguka, kilichobaki ni wasichana wenyewe kujituma. Ya pili ilinuna: sasa imezidi, wanaume wananyang'anywa nafasi katika mchezo wao wenyewe. Zinabishana kweli kweli, lakini kuna jambo moja zinalokubaliana bila kusemezana, kwamba usawa michezoni hupimwa juu kabisa, pale penye medali, bendera na kamera. Nadhani hapo ndipo zote mbili zinapopotea.

Dai langu ni kwamba mila inayosema mchezo fulani ni wa wanaume haivunjwi na msichana hodari. Msichana hodari jamii humvumilia, wakati mwingine humshangilia, kisha maisha huendelea kama yalivyokuwa. Mila hiyo hutikisika pale msichana wa kawaida tu, anayekosa bao akiwa amebaki na kipa, anayepigwa chenga mpaka anakaa chini, anayeishiwa pumzi kipindi cha kwanza, anapoendelea kucheza wiki hadi wiki na pasiwe na mtu wa kumuuliza anatafuta nini uwanjani. Wavulana wa aina hiyo ndio wengi katika kila kiwanja duniani. Hawana kipaji, hawatafika popote, na hakuna anayeona kwamba kuwapo kwao kunahitaji maelezo. Tukitaka kujua wasichana wamefika wapi katika michezo iliyohodhiwa na wanaume, tuwahesabu wa namna hiyo kwanza, mabingwa baadaye.

Historia inasaidia hapa, maana mazungumzo mengi kuhusu jambo hili huanzia katikati, kana kwamba wasichana walikuwa wamelala fofofo hadi juzi, wakaamka na kudai mpira. Desemba 26, 1920, watazamaji wapatao 53,000 walijaa Goodison Park mjini Liverpool kuitazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha Preston, ikicheza na wanawake wenzao wa St Helens. Maelfu wengine walibaki nje ya mageti. Haukupita mwaka, Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza (FA) kikavikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kikieleza kwamba mpira hauwafai wanawake na haupaswi kuhimizwa kwao. Katazo hilo lilidumu karibu nusu karne. Ujerumani Magharibi iliweka la kwake mwaka 1955, ikaliondoa 1970. Brazil, ambayo mashabiki wa kila bara huihesabu kama makao makuu ya kandanda, ilitoa amri ya serikali mwaka 1941 kuwazuia wanawake kushiriki michezo iliyodaiwa kupingana na maumbile yao, na ilichukua hadi 1979 kuifuta. Maana yake Brazil ilitwaa Kombe la Dunia mara tatu, 1958, 1962 na 1970, huku nusu ya wananchi wake wakiwa hawaruhusiwi kuucheza mchezo wenyewe. Baada ya hapo tunaambiwa kwamba wasichana hawana utamaduni wa mpira.

Angalia mfuatano wa mambo. Hakuna anayepoteza muda kupiga marufuku kitu ambacho watu hawakitaki wala hawakiwezi. Katazo la Uingereza lilikuja baada ya uwanja kujaa. Mwaka 1928 Amsterdam, wanawake walipokimbia mita 800 kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, mshindi Lina Radke wa Ujerumani aliweka rekodi ya dunia, lakini magazeti yakaandika zaidi habari za wakimbiaji waliolala chini baada ya kumaliza, yakizitia chumvi, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake hadi Roma 1960. Wanaume nao huanguka wakimaliza mbio. Kwao huitwa kujitoa mhanga. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, miaka 17 baada ya Kathrine Switzer kukimbia Boston akiwa na namba kifuani na ofisa wa mbio kumrukia njiani akitaka kuing'oa. Na upo mfano ambao mimi huuona ni mzito kuliko yote. Barcelona 1992, katika kulenga shabaha za visahani vinavyorushwa angani, mchezo uliokuwa wazi kwa jinsia zote, Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume wote akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye Atlanta, mchezo huo ulikuwa wa wanaume peke yao, na bingwa mtetezi hakuwa na mahali pa kutetea ubingwa wake. Wanawake walitengewa mashindano yao Sydney 2000. Shabaha haihitaji kifua kipana wala mapaja manene. Ukiondoa hoja ya nguvu, kinachobaki ni uamuzi wa watu mezani, na uamuzi wa mezani hatuwezi kuubebesha maumbile.

Kwa hiyo mipaka ya michezo ya wanaume ilichorwa na kamati, kwa tarehe na mihuri. Mipaka ya namna hiyo hufutika kwa urahisi kwenye karatasi kuliko vichwani, na mkasa wa besiboli ya watoto nchini Marekani unaonyesha jinsi inavyokuwa. Mwaka 1972 Maria Pepe, mtoto wa miaka 12 wa Hoboken, New Jersey, alicheza mechi tatu katika timu ya Little League kabla ya uongozi wa ligi kutishia kuinyima timu yake usajili. Akatoka. Shirika la kutetea haki za wanawake likafungua shauri kwa niaba yake, na mwaka 1974 Little League ikalazimika kuwafungulia wasichana mlango. Yeye umri ulikuwa umeshampita. Lakini mwaka huohuo ligi ikaanzisha softiboli ya wasichana, mchezo wa jamii ya besiboli, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa amri, na pembeni yake ikachongwa njia nyingine, nzuri, yenye sare na makombe, ambayo kila mzazi na kila kocha alijua kwamba ndiyo ya binti. Hakuna aliyekatazwa besiboli tena. Waliulizwa tu kwa upole kama hawaoni kwamba kule kwa wenzao wangefurahi zaidi. Mwaka 2014 Mo'ne Davis wa Philadelphia, akiwa na miaka 13, alirusha mipira katika fainali za dunia za ligi hiyo kwa namna ambayo wapinzani hawakupata hata pointi moja, msichana wa kwanza kufanya hivyo, na picha yake ikapamba jalada la Sports Illustrated. Marekani nzima ilimpenda. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu mlango ufunguliwe, na wasichana waliowahi kufika fainali zile tangu hapo walikuwa hawajatimia hata 20.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia kwamba shujaa mmoja amebadili kila kitu. Shujaa huwapa watu njia rahisi ya kuutunza mtazamo wao wa zamani: huyu si kama wengine. Atasifiwa kwamba anacheza kama mwanaume, na msifiaji ataondoka akiamini ametoa sifa kubwa kuliko zote, ilhali amemtoa kwenye kundi la wasichana ili kundi libaki lilivyokuwa. Akizidi sana, sifa yenyewe hugeuka kuwa shitaka. Mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini aliposhinda mita 800 Berlin mwaka 2009 akiwa na miaka 18, kabla hata hajapewa medali dunia ilikuwa imeshatangaziwa kwamba anapimwa jinsia. Mjadala wa homoni na vigezo vya kundi la wanawake ni mpana, una wanasayansi wakweli pande zote, na sina nia ya kuumaliza kwa sentensi mbili. Ninachosema ni kwamba msichana mchezaji anabanwa huku na huku: akiwa wa kawaida, anapoteza muda wake na nafasi ya wengine, akiwa hatari mno, pengine si msichana. Kati ya hapo amebakiziwa kiwanja chembamba sana cha kuchezea, na wavulana hawajawahi kukipimiwa.

Kiwanja hicho nilikiona nikiwa nimekaa kando ya mazoezi ya watoto wa miaka kumi na kitu, mchanganyiko, mpira wa kawaida. Msichana mmoja alipangwa winga ya kushoto, ile sehemu anayowekwa mtu ambaye kocha hajui amweke wapi. Alikuwa peke yake, hakuna beki karibu, mkono juu, anaita "nipe, nipe". Mwenye mpira alimtazama usoni, akageuka, akajaribu kuwapita watatu, akanyang'anywa. Ikawa hivyo tena na tena, hadi akaacha kuinua mkono, akaanza kutembea. Baadaye mpira ukamfikia kwa bahati tu, umemgonga beki ukamdondokea miguuni. Alikuwa ameshatoka mchezoni kimawazo, akaupiga ovyo ukatoka nje. Kocha akamgeukia aliyesimama naye akasema, "Si unaona?" Hakuna aliyekuwa akihesabu mara ambazo yule fundi wa chenga alipoteza mpira jioni ile. Anayegusa mpira mara chache hujifunza polepole, anayejifunza polepole hukosea, na kosa likishaonekana linakuwa sababu ya kutompa mpira kesho. Ukimchukua baada ya miaka mitano ya mtindo huo ukamlinganisha na mvulana aliyepewa kila pasi, utakuta tofauti kubwa sana, na kipimo chako kitakuwa sahihi kabisa, ila hakitakwambia imetoka wapi.

Sasa hoja za upande wa pili. Iliyo nzito ni ya mwili, na wanaoitoa mara nyingi hutukanwa pasipo haki. Baada ya balehe tofauti ni halisi. Katika mbio za kiwango cha juu wanaume huwazidi wanawake kwa takriban asilimia 10 hadi 12, na katika kunyanyua, kurusha na kupiga, pengo ni kubwa zaidi. Anayesema hakuna tofauti anawadanganya wasichana, na kwa kweli anawaumiza, kwa sababu makundi ya wanawake yamewekwa ili wapate mahali pa kushindania ubingwa kwa haki. Lakini hoja hii husafirishwa kinyemela hadi mahali ambako haina kazi. Kabla ya balehe tofauti za nguvu na kasi kati ya wasichana na wavulana ni ndogo. Mtoto mkubwa wa umbo hutofautiana na mdogo zaidi kuliko msichana na mvulana. Halafu hoja inayotetea kundi tofauti haitetei kutokuwapo. Wanamasumbwi wa uzani mwepesi hawapigani na wa uzani mzito, na hakuna aliyewahi kuitumia sababu hiyo kuwafungia wembamba nje ya jimu. Kwa nini tofauti ya kilo iwe sababu ya kupanga vizuri, na tofauti ya jinsia iwe sababu ya kufukuza?

Upande wa majeraha nao unastahili jibu la heshima. Wasichana wanaocheza soka, mpira wa kikapu na michezo mingine ya kukata kona ghafla hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na mtoto wa miaka 16 aliyefanyiwa upasuaji wa goti si jambo la kupuuza. Mzazi anayeogopa hapo ana sababu. Hata hivyo hofu hiyo imekaa muda mrefu bila kufanyiwa kazi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuifanya hoja ya kuwazuia kuliko kuifanya swali la kitabibu. Norway walipowajaribu wasichana wa miaka 13 hadi 17 kwa programu maalumu ya kupasha misuli moto, mazoezi ya dakika 20 hivi ya kujenga mizani, paja na namna ya kutua baada ya kuruka, matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha majeraha makubwa yakipungua kwa karibu nusu. Hayahitaji mashine. Yanahitaji kocha anayeyajua na ambaye hayaruki kwa sababu mechi ya wavulana inasubiri uwanja. Ukizingatia kwamba kwa miaka mingi wanawake wamevaa njumu zilizotengenezwa kwa kufuata mguu wa mwanaume, utaona kwamba sehemu ya kile tulichokiita udhaifu wa mwili wao ilikuwa uvivu wetu.

Ipo hoja ya maadili na usalama, na hapa siungani na wanaharakati wanaoifanyia mzaha. Wazazi wanajua kwamba msichana akiondoka jioni kwenda mazoezini anakabidhiwa kwa watu wazima wenye mamlaka juu yake: nani acheze, nani asafiri, nani apewe nafasi. Mamlaka hayo yametumiwa vibaya. Mwaka 2019 Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) lilimfungia maisha Keramuddin Keram, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Afghanistan, kwa unyanyasaji wa kingono dhidi ya wachezaji wanawake. Lakini kashfa kubwa kuliko zote, ya daktari Larry Nassar aliyewadhalilisha mamia ya wasichana, ilitokea katika jimnastiki ya Marekani, mchezo ambao hakuna mzazi aliyewahi kuuogopa kwamba utamharibu binti yake kwa kumfanya mwanaume. Hatari ilijificha penye mtu mzima asiyesimamiwa na watoto wasiosikilizwa. Kumhamisha binti kutoka kwenye raga na kumpeleka kwenye mchezo wa kike hakumpunguzii hatari hiyo hata chembe. Kuweka utaratibu wa kulalamika, na kumkataza kocha kukaa faragha na mtoto, kunampunguzia. Kuhusu stara, tusisahau kwamba wenye michezo wenyewe ndio waliowafungia mlango wasichana wengi. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya vazi la kichwani, na FIFA ilikuja kuruhusu rasmi hijabu mwaka 2014. Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa katika Kombe la Dunia la 2023, na mpira uliendelea kuwa wa duara. Upande mwingine wa shilingi ni viongozi wa ngumi ambao, kabla ya London 2012, walipendekeza mabondia wanawake wavae sketi ili watazamaji wawatofautishe. Mmoja anaambiwa avue, mwingine anaambiwa avae, na hakuna kati yao aliyeulizwa anaweza kucheza vizuri akiwa na nini.

Iliyo dhaifu kuliko zote, japo ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi, ni hoja ya soko: nani atatazama? Kwa watu wazima jibu lipo tayari. Septemba 2025 fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wanawake, England dhidi ya Canada, iliwaingiza watu 81,885 katika uwanja wa Twickenham, London, na raga ni mchezo ambao ukiulizia mfano wa mchezo wa kiume utatajiwa miongoni mwa ya kwanza. Isitoshe, chama kinachofunga viwanja kwa nusu karne kisha kinauliza mbona hamna watazamaji, kinauliza swali ambalo majibu yake kimeyaandika chenyewe. Lakini udhaifu mkubwa zaidi wa hoja hii ni kwamba hata ingekuwa kweli haigusi kitu. Timu ya wavulana ya darasa la sita haina watazamaji. Timu ya wanaume wa makamo wanaokutana Jumapili, vitambi mbele, haina watazamaji, na ingeomba isiwe nao. Hakuna aliyependekeza wasimamishwe mpaka wauze tiketi. Soko ni kipimo cha ligi ya kulipwa, na kwenye ligi ya kulipwa tubishane juu ya mishahara kadiri tunavyotaka. Kukitumia kipimo hicho kumwamulia mtoto wa miaka tisa kama apewe mpira ni sawa na kumwomba leseni ya biashara.

Wasichana hawaletewi masharti na wapinzani peke yao. Marafiki zao nao wana orodha. Soma maelezo ya miradi ya michezo ya wasichana popote pale: mpira utamwongezea kujiamini, utambakiza shuleni, utamkinga na mimba za utotoni, utamfanya kiongozi. Mengi kati ya hayo yana ukweli, na wanaotafuta fedha wanalazimika kuyaandika. Hata hivyo ni ajabu kwamba mvulana hucheza kwa sababu anapenda kucheza, na msichana hucheza kwa sababu itasaidia takwimu za maendeleo. Siku utafiti utakapoonyesha kwamba raga haimwongezei mtu uongozi wowote, mvulana ataendelea na raga yake, msichana atasitishiwa ufadhili. Kutetea haki kwa faida zake ni kuiweka rehani kwa faida hizo.

Nikirudi kwenye hesabu, takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa 2019 zilionyesha kwamba kati ya vijana wa shule wenye miaka 11 hadi 17, asilimia 85 ya wasichana na 78 ya wavulana hawafikii kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa kwa siku. Watoto wa kiume wenyewe wako hoi, na pengo la asilimia saba halionekani kubwa mpaka ukumbuke kwamba ni la dunia nzima. Hakuna medali itakayoliziba. Wasichana wale hawakushindwa mchujo wa timu ya taifa. Waliacha zamani, au hawakuanza, kwa sababu ndogondogo ambazo hazipigiwi mkutano wa waandishi wa habari. Uwanja ni mmoja na saa kumi jioni ni ya wavulana, wasichana wapewe saa saba mchana juani. Jezi zilizobaki ni zile pana zilizochoka. Chumba cha kubadilishia nguo hakina mlango. Timu ya wasichana ina mechi tatu kwa mwaka, na mtu hawezi kupenda ligi ya mechi tatu. Marekani walipopitisha sheria ya Title IX mwaka 1972, sheria fupi ya elimu ambayo haikutaja hata neno michezo, wasichana waliocheza katika shule za sekondari walikuwa chini ya 300,000. Leo wamevuka milioni tatu. Kipaji hakikuongezeka mara kumi ndani ya kizazi kimoja au viwili. Kilichoongezeka ni timu, saa za uwanja, makocha na mabasi, na idadi kubwa ya waliopata vitu hivyo walikuwa wachezaji wa kawaida ambao majina yao hayapo popote.

Kwa maoni yangu, basi, watoto wacheze pamoja mpaka karibu na balehe bila kuhitaji kibali maalumu, na kocha afundishwe kugawa mpira na nafasi, asiwaachie watoto waamue kwa mazoea waliyotoka nayo nyumbani. Baada ya hapo pawe na makundi ya wasichana yenye ligi kamili, na mlango wa kuchanganyika ubaki wazi kwa anayeutaka pale kiwango kinaporuhusu. Wapo walioliona hili. Mwaka 2020 shirikisho la Uholanzi lilimruhusu Ellen Fokkema, aliyekuwa na miaka 19, kucheza timu ya kwanza ya wanaume ya VV Foarut, klabu ya ridhaa ya daraja la chini, kwa majaribio. Kanuni za wakati ule zilikuwa zinamtenganisha na wenzake aliokuwa akicheza nao tangu akiwa na miaka mitano. Habari yake ilizunguka dunia kama habari ya msichana aliyevunja mwiko, lakini mimi nilipenda udogo wake: hakuomba kwenda klabu kubwa kama Ajax, aliomba kubaki na timu yake.

Mashirikisho yanaweza kuanza na jambo lisilo na gharama. Ripoti zao za mwaka zimejaa mabingwa, mataji na wachezaji waliouzwa nje, na sehemu ya wanawake huwa ukurasa mmoja wenye picha ya timu ya taifa. Waongeze safu mbili: wasichana waliosajiliwa ambao hawajawahi kuchaguliwa timu yoyote ya uteuzi, na wangapi kati yao walirudi msimu uliofuata. Za wavulana waziweke pembeni yake.